Jenomu ya Klebsiella: jeni 1,700 "hazijulikani kazi yake". Nianzie wapi kuzitabiria?

mwanajenomu_dsm

Habari za jioni wakuu. Nina jenomu moja ya bakteria Klebsiella pneumoniae iliyosomwa kwa mashine ya Nanopore peke yake, kemia ya zamani ya R9.4.1. Nimeiunganisha kwa Flye, anotesheni (kubandika majina kwenye jeni) nimefanya kwa Bakta kwa kutumia ile hifadhidata yake nyepesi. Jenomu imetoka Mb 5.6 (herufi milioni 5.6), jeni za protini 6,300, na kati ya hizo zaidi ya 1,700 zimebandikwa "hypothetical protein".

Msimamizi anataka jedwali la kazi za jeni hizo. Je, nikizipitisha kwenye BLAST (programu ya kutafuta mifuatano inayofanana) nikachukua jibu la kwanza lenye thamani ya E (idadi ya majibu kama hayo yanayotarajiwa kwa bahati tu) chini ya 1e-10, inatosha? Au nifunze modeli yangu ya kompyuta? Mashine ni laptopu ya RAM GB 16 na intaneti ni ya bando, kwa hiyo mnaponishauri mnifikirie na hilo.

mzee_wa_mfuatano

Karibu mkuu. Kabla ya kazi za jeni, tuongelee hiyo 6,300. Bakteria wana takribani jeni moja kwa kila kb moja (herufi elfu moja). Klebsiella ya Mb 5.6 inatakiwa ikupe kama 5,200 hadi 5,400. Hizo elfu moja za ziada si jeni mpya, ni jeni zilizovunjika vipande.

Sababu ni kemia. R9.4.1 inakosea kuhesabu herufi zinazojirudia mfululizo, mathalani A sita inazisoma tano. Herufi moja ikipungua katikati ya jeni, fremu ya kusoma inahama, kodoni ya kusimama inajitokeza mapema, na programu inaona jeni mbili fupi badala ya moja nzima. Vipande hivyo ndivyo vinavyojaa kwenye kapu la "hazijulikani".

Kuthibitisha ni rahisi. Linganisha protini zako zote na hifadhidata ya protini ya Swiss-Prot kwa DIAMOND (programu kama BLAST ila ya haraka), kisha kwa kila moja gawanya urefu wake kwa urefu wa protini iliyofanana nayo zaidi. Chora grafu. Jenomu nzuri inakuwa na mlima mmoja mkali kwenye 1.0. Ukiona mkia mrefu umejaa kwenye 0.2 hadi 0.8, acha kutabiri chochote, rudi ukasafishe. Pitisha Medaka, na hakikisha modeli yake inalingana na programu iliyogeuza mawimbi kuwa herufi. Ukichagua modeli isiyo yake inaweza kuongeza makosa badala ya kuyapunguza. Ukipata mifuatano mifupi ya Illumina ya sampuli hiyohiyo, malizia na Polypolish. Halafu CheckM, uone ukamilifu na uchafu.

Sasa BLAST. Jibu la kwanza peke yake halitoshi, na thamani ya E ndiyo inayodanganya wengi. Inategemea ukubwa wa hifadhidata: ulinganifu uleule, alama zilezile za biti, ukiutafuta kwenye hifadhidata kubwa mara 400, thamani ya E nayo inakuwa kubwa takribani mara 400. Haikwambii pia ni sehemu gani ya protini iliyofanana. Chukua visafirishaji vya ABC. Sehemu inayovunja ATP, yenye asidi amino kama 200 na ushee, inafanana kwa mamia ya protini zinazosafirisha vitu tofauti kabisa. Utapata 1e-40 bila kuwa na habari kama yako inasafirisha sukari, chuma au dawa. Kwa hiyo dai ufunikaji pande zote mbili:

diamond blastp -q protini.faa -d swissprot -o majibu.tsv --very-sensitive -e 1e-5 --query-cover 70 --subject-cover 70 -k 5 -f 6 qseqid sseqid pident length qlen slen evalue bitscore

Nimeweka -k 5 makusudi. Majibu matano ya juu yakikubaliana, una kitu mkononi. Yakitofautiana, andika jina la familia tu, usishuke hadi kwenye kazi mahususi. Na anza na Swiss-Prot, ambayo ina maingizo zaidi ya 570,000 yaliyopitiwa na watu. TrEMBL, ndugu yake isiyopitiwa na watu, ni kubwa zaidi kwa mbali, ila majina yake mengi yamenakiliwa na kompyuta kutoka protini hadi protini, na kosa la kwanza likiingia linasambaa.

Baada ya hapo nenda kwenye domeni, yaani sehemu za protini zinazojitegemea. Pakua Pfam, hifadhidata ya familia za domeni, ipitishe hmmpress, kisha:

hmmscan --cut_ga --domtblout domeni.txt Pfam-A.hmm protini.faa

Usiweke kizingiti chako mwenyewe. --cut_ga inatumia kizingiti ambacho wahariri wamekipanga kwa kila familia, na hapo utaokota jamaa wa mbali ambao BLAST inawakosa.

dada_wa_plasmidi

Naongezea kwa kifupi, maana ukishaona "Klebsiella" unajua usugu wa dawa utaulizwa. Jeni za usugu usizitabirie kwa ufanano wa jumla. Kimeng'enya cha SHV-1 kina asidi amino 286 na kinavunja ampisilini. Badilisha moja tu, glisini ya nafasi ya 238 iwe serini, unapata SHV-2 inayovunja hadi sefotaksimu. Ufanano ni zaidi ya asilimia 99 na kwa daktari ni kazi tofauti kabisa. DIAMOND itakupa jina la mojawapo na wewe hutajua. Tumia AMRFinderPlus na chaguo la -O Klebsiella_pneumoniae, ambalo linaangalia pia mabadiliko ya nukta kwenye kromosomu.

mwanajenomu_dsm

Shikamoo mzee, asanteni sana. Nimechora ile grafu, mkia ulikuwa mrefu kweli. Nimesafisha kwa Medaka na Illumina: jeni zimeshuka hadi 5,340. Zisizojulikana baada ya Swiss-Prot na Pfam ni kama 600. eggNOG-mapper na InterProScan, zile programu za kutabiri kazi za jeni, nizitumie? Nimeona ukubwa wa mafaili nikasita.

mzee_wa_mfuatano

Marahaba. Sita kidogo ndiyo, lakini zitumie.

eggNOG itakula kama GB 50 za diski ikifunguliwa. Pakua usiku kwa wget -c ili umeme au mtandao ukikatika uendelee ulipoishia. Weka kwenye SSD ya nje, na popote utakapoinunua, iwe Kariakoo au kwingine, ijaze kwa f3write na uisome kwa f3read kabla hujaiamini. Diski inayodai TB 1 wakati ni ya GB 64 itakuharibia hifadhidata kimyakimya. Usitumie --dbmem, inataka RAM zaidi ya GB 40. Kazi ikikatika, rudia amri ileile na --resume.

Ubora wa eggNOG ni kwamba inatafuta othologi, yaani jeni zilizotengana kwa sababu spishi zimetengana, badala ya paralogi zilizozaliwa kwa kunakiliwa ndani ya jenomu moja. Nakala za namna hiyo ndizo hubadili kazi mara kwa mara. Lakini weka --tax_scope 2, yaani bakteria, la sivyo usishangae Klebsiella yako ikapewa kazi ya "ukuaji wa ubongo". Kwenye istilahi za GO (majina sanifu ya kazi za jeni) acha --go_evidence kwenye non-electronic kama ilivyo. Alama ya IEA maana yake ni kompyuta iliyoweka, hakuna mtu aliyekaa kuihakiki moja moja. Ukitumia IEA kuthibitisha utabiri wako, unaiuliza kompyuta kama kompyuta imesema kweli.

InterProScan ina mitego miwili. Kwanza, inakataa nyota. Faili la protini kutoka Prodigal (programu inayotafuta jeni) lina * mwishoni mwa kila mfuatano, kwa hiyo pitisha sed 's/\*//g'. Pili, kwa kawaida inaulizia seva ya Ulaya kama matokeo yapo tayari, na mtandao ukiyumba kazi inakwama. Weka -dp ihesabu yenyewe. Ukishindwa kabisa na laptopu, usegalaxy.eu inayo, bila malipo, na unachopandisha ni faili la MB mbili tu.

upande_wa_kigamboni

Hapo ulipobaki na 600, kutafuta ufanano zaidi hakutakusaidia sana. Angalia jeni imekaa wapi.

Mfano ulio ndani ya Klebsiella hiyohiyo: eneo la kapsuli (ganda la sukari la bakteria), kati ya jeni galF na ugd, kb 10 hadi 30. Ndani yake kuna wzi, wza, wzb, wzc, zinazotambulika kirahisi. Lakini Wzy, inayounganisha vipande vya sukari, na Wzx, inayovigeuza kuvuka utando, mfuatano wao unatofautiana mno kati ya aina moja ya kapsuli na nyingine, BLAST mara nyingi inatoka mikono mitupu. Sasa ukikuta humo jeni isiyo na jina yenye helisi kumi au zaidi zinazopita kwenye utando, wagombea wamebaki wawili. Mahali peke yake pamekupa zaidi ya ulichopewa na mfuatano. Pitisha Kaptive kwanza, itakupa aina ya eneo hilo na majina mengi kwa mkupuo.

Kwingineko kwenye jenomu, tafuta jeni zinazofuatana upande mmoja wa DNA na pengo chini ya herufi 100 hivi. Huenda ni operoni moja, yaani jeni zinazosomwa kwa pamoja. Ila ujirani ndani ya Klebsiella pekee si ushahidi, kwa sababu jamaa wa karibu hawajapata muda wa kupangua jeni zao. Ujirani uleule ukiuona kwenye jenasi za mbali, hapo amini. Tovuti ya STRING inaonyesha hilo bila kusakinisha kitu.

Nyingine nyingi utakuta ni za virusi vya bakteria vilivyojificha kwenye kromosomu, zipitishe Pharokka. Na zile fupi chini ya asidi amino 60 zisizo na ndugu popote huenda si jeni kabisa. Hifadhidata ya AntiFam ipo kwa ajili ya kuzikamata.

Zitakazobaki, nenda kwenye umbo. Muundo wa protini nyingi za hifadhidata ya UniProt tayari umetabiriwa na upo AlphaFold DB, hivyo huhitaji GPU; zisizokuwepo zipeleke ColabFold ikutabirie. Tafuta maumbo yanayofanana kwa Foldseek. pLDDT (alama ya uhakika wa umbo lililotabiriwa) juu ya 70 inafaa, chini ya 50 usiifanyie kazi. Alama ya TM (kipimo cha ufanano wa maumbo) juu ya 0.5 inaashiria mkunjo mmoja, na mkunjo mmoja si kazi moja: pipa la TIM, mkunjo mmojawapo wa protini, linabeba vimeng'enya vya kila aina. Angalia asidi amino zinazofanya kazi yenyewe. Familia inahitaji serini, histidini na aspati, halafu yako imeweka alanini pale pa serini? Umbo lipo, kimeng'enya huenda hakifanyi kazi.

mwanajenomu_dsm

Nimeelewa. Na lile la kufunza modeli?

takwimu_na_protini

Kwa jenomu moja, hapana. Tumia modeli zilizofunzwa tayari. ESM-2 ya vigezo milioni 650 inageuza kila protini kuwa namba 1,280, na GPU ya bure ya Colab inaitosha jenomu yako.

Ukilazimika kufunza, kosa linaloua kazi nyingi ni kugawa data kwa bahati nasibu. Protini zinazofanana kwa asilimia 90 zinaingia pande zote mbili, modeli inakariri, matokeo yanang'aa. Zikusanye kwanza kwa MMseqs2, --min-seq-id 0.3 -c 0.8, na kundi zima likae upande mmoja. Au fanya kama mashindano ya CAFA ya kutabiri kazi za protini: funza kwa yaliyojulikana hadi tarehe fulani, pima kwa kazi zilizothibitishwa maabara baada ya hapo. Kisha linganisha na BLAST ya kawaida. Modeli isiyoishinda BLAST haina sababu ya kuwepo. Kumbuka pia kwamba kukosekana kwa istilahi ya GO hakumaanishi protini haina kazi hiyo, huenda hakuna aliyewahi kuipima. Ukiichukulia kama "hapana", unaifundisha modeli uongo.

Na mwambie msimamizi jedwali halitajaa. Seli ya JCVI-syn3.0 iliyoundwa maabara mwaka 2016 ilibakizwa na jeni 473 tu, na 149 kati yake kazi yake haikujulikana. Hata E. coli K-12, ambayo jenomu yake ilisomwa 1997, karibu theluthi moja ya jeni zake hazina ushahidi wa maabara.

dada_wa_plasmidi

Kwenye jedwali lenyewe weka safu ya aina ya ushahidi (ufanano, domeni, ujirani, umbo), ufunikaji wa pande zote mbili, na toleo na tarehe ya kila hifadhidata. Jeni yenye ushahidi wa domeni tu, taja domeni, usiipe jina la kimeng'enya. Na ukija kupima ni kazi zipi zimezidi kwenye kundi fulani la jeni, msingi wa kulinganishia uwe ni jeni zilizopata anotesheni tu, si zote 5,340.