Baliwaini za 2009 hadi 2018: nianze na ipi, na iliyoharibika nitaijuaje?

Kabati_la_Chini

Wadau, habari za jioni. Nina chupa nne za baliwaini (barley wine, yaani bia nzito ya Kiingereza yenye kileo kingi), J.W. Lees Harvest Ale: 2009, 2012, 2015 na 2017, zote za mililita 275. Juu ya hizo ipo Fuller's Vintage Ale ya 2018, nusu lita. Tatu za kwanza zilisafiri kwenye sanduku la nguo kutoka Manchester. Mbili za mwisho zilinunuliwa hapa mjini, maana yake zilipanda meli na kupitia Mombasa. Zote zimesimama gizani chini ya kabati la nguo, gorofa ya pili, South B, Nairobi. Themomita iliyo humo husoma nyuzi 19 mwezi wa Julai na 25 mwezi wa Februari.

Jumamosi tunataka kuzionja kwa mkao mmoja, watu watano. Tuanze na ya zamani au mpya? Zitoke kwenye friji lini? Na swali kubwa: iliyokomaa na iliyoharibika nizitofautishe vipi, ikiwa zote zimeingiliwa na hewa? Kila ninayemuuliza ananijibu "utajua tu". Sitaki kujua tu.

---

Mashapo

Anza Alhamisi, usingoje Jumamosi. Hiyo ya Fuller's ina hamira iliyoachwa chupani makusudi, na hata za Lees zikifikia umri huo huangusha mashapo. Zisimamishe ndani ya friji siku mbili kamili, kisha zisiguswe. Usiziweke mlangoni, kila mlango ukifunguliwa mashapo yanapanda.

Friji ya nyumbani iko kwenye nyuzi 4 au 5, na hapo baliwaini haisemi neno: utapata utamu na ukali wa kileo, basi. Unataka kuimimina ikiwa nyuzi 11 hivi na kuimaliza ikiwa 15 au 16. Sebule ikiwa na nyuzi 23, chupa ya 275 hupanda kutoka 4 hadi 12 kwa dakika 35 mpaka 45, ya nusu lita karibu dakika 50. Usiamini saa yangu, jaza maji chupa tupu ya ukubwa uleule, iweke friji pamoja na zile, kisha chomeka themomita ndani yake siku hiyo. Ndiyo itakuwa kipimo chako. Zitoe kwa zamu, moja kila dakika 20, la sivyo ya mwisho utainywa ikiwa vuguvugu.

Kumimina ndiko watu wanakoharibia. Ukiinamisha chupa juu ya glasi ya kwanza, ukainyanyua, ukaiinamisha tena juu ya ya pili, unatikisa mashapo mara tano, na mtu wa tano anakunywa tope. Tumia jagi safi la kioo. Washa tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa, mimina mara moja bila kurudi nyuma, na wingu likifika shingoni simama. Kwa Lees utapoteza kama mililita 25. Kutoka kwenye jagi, gawa kwa sirinji kubwa ya duka la dawa isiyo na sindano, mililita 50 kila mtu. Inachekesha kuitazama, lakini inamaliza ubishi wa nani kapata zaidi.

Glasi iwe ya divai, iliyobanika mdomoni. Ioshe, isuuze sana, iache ikauke yenyewe kichwa chini. Kisha inuse ikiwa tupu. Ikinuka taulo ya jikoni au klorini ya bomba, suuza tena kwa maji ya kununua. Bia ya aina hii ina gesi kidogo, haina povu la kuficha harufu ya glasi.

Tahadhari moja ya hapa kwetu: Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa Mombasa kwa karibu asilimia 20. Gesi hutoka kwa pupa zaidi ukifungua. Kwa Lees hutaona tofauti kubwa, ila ya Fuller's ifungue polepole, kizibo kiinuke upande mmoja, usikie mlio, ungoje, ndipo ukimalizie.

Mpangilio: mpya kwenda zamani. 2017, 2015, 2012, 2009. Bila kujua ilipoanzia, hujui imefika wapi.

---

mapipa_254

Mimi ningezilaza kama divai kizibo kisikauke, na glasi ningezitia friza kwanza. Bia ni bia.

---

Hamira_Mzee

Mkuu mapipa, kwa heshima, hapana mara mbili. Divai hulazwa kwa sababu ya kizibo cha gome la mti. Kizibo cha bati hakina cha kukauka, na ukilaza chupa unaeneza mashapo ubavu mzima, tena bia inagusa bati. Bati likishika kutu, utaonja damu. Na glasi ya friza inarudisha bia kwenye nyuzi zilezile Mashapo anazozikimbia, halafu barafu ikiyeyuka inaongeza maji.

Mashapo yuko sawa kwa yote isipokuwa mpangilio. Toleo jipya la Lees lina uchungu wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na ukali wa kileo ambao bado haujatulia. Ukianza nalo, ulimi unachoka, na ile ya 2009, ambayo yaliyobaki ndani yake ni mambo ya chini kwa chini, inaonekana imepooza. Mimi huanza na kongwe. Lakini jibu bora kwa watu watano ni hili: mimina mbilimbili, 2009 kando ya 2012, halafu 2015 kando ya 2017, na asiyeonja kwanza ndiye aandike namba chini ya glasi. Wengine wasijue. Mtu akishaona "2009" atatafuta tende hata pasipokuwa na tende.

Jambo ambalo hukuuliza. Lees hutengeneza Harvest Ale tangu 1986 kwa mpango uleule: kimea cha Maris Otter na hopsi za East Kent Goldings za mavuno mapya, kileo 11.5%. Kwa hivyo tofauti kati ya chupa zako nne ni umri na malezi. Fuller's Vintage ilianza 1997, ina 8.5%, na kila mwaka wanabadilisha kimea au hopsi. Usiitie kwenye mstari huo. Ionje peke yake, mwanzoni, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Na hata katika hizo nne, malezi hayalingani: tatu zilikuja kwa ndege, moja ilikaa kwenye kontena bandarini, ambako joto ndani ya bati sitaki hata kulifikiria. Ile 2017 huenda ikaonekana mzee kuliko 2015. Ikitokea hivyo, msishangae na msiseme lebo imekosewa.

Joto ndilo linalozeesha. Kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 zikiongezeka, kuzeeka kunaenda mbio mara mbili au tatu. Ghala la chini huko Uingereza ni nyuzi 12 hivi. Kabati lako linacheza 19 hadi 25, kwa hiyo kila mwaka iliokaa South B uhesabu kama miwili, pengine na ziada.

Sasa swali lako kubwa. Usiulize "hewa imeingia?" Imeingia, kizibo chochote kinapitisha kidogo. Uliza imefanya nini.

Ukipata sheri (divai iliyoongezwa kileo), tende, zabibu kavu, sukari nguru, ngozi ya kiti cha zamani, lozi: hiyo ni hewa iliyofanya kazi pole pole juu ya kimea kingi. Ndicho ulichokuwa ukingojea. Ukipata kadibodi iliyolowa au karatasi ya gazeti, ni hewa ileile kwenye hatua mbaya. Kidogo nyuma ya tende kinavumilika, lakini kikitangulia puani na kubaki mwisho wa funda, chupa hiyo imekwenda.

Sosi ya soya au Marmite hutoka kwa hamira iliyokufa na kupasuka. Tone lake linaongeza uzito wa nyama mdomoni, nami nalipenda. Likizidi, bia inakuwa supu ya chumvi. Hili hukuta zaidi chupa zenye hamira zilizokaa mahali pa joto, kwa hiyo litafute kwenye Fuller's kwanza.

Uchachu ni habari nyingine. Siki, au ule ukali wa maziwa lala, ni bakteria, na hakuna umri unaouhalalisha. Harufu ya zizi la farasi ni Brettanomyces. Hapo kuna kichekesho: Claussen wa maabara ya Carlsberg aliitangaza hamira hiyo mwaka 1904 kutoka kwenye bia za Kiingereza zilizokomazwa, na jina lenyewe linaitaja Uingereza. Pombe kali za mapipa za enzi hizo zilikuwa nayo na wanywaji waliitaka. Kwenye Harvest Ale ya leo haina kazi.

Siagi kidogo ni kawaida ya hamira za Kiingereza. Harufu ya kicheche ni mwanga uliopiga hopsi, na kwa kuwa zako zilikaa gizani hutaikuta, labda kama duka lilizipanga dirishani.

Mwisho, utamu. Mtasema 2009 ni tamu zaidi. Sukari haikuongezeka. Uchungu wa hopsi ndio uliovunjika na miaka, na utamu ambao ulikuwepo siku zote umebaki bila mpinzani.

---

Kabati_la_Chini

Asanteni sana, nimechapisha hayo yote. Nimekwenda kuzikagua kwa tochi. Ile 2012 ina kutu ukingoni mwa kizibo, na bia imeshuka chini ya wenzake kama upana wa kidole kimoja. Tena ina ukanda mweupe shingoni pale bia inapoishia. Niiondoe?

---

Hamira_Mzee

Kushuka kwa kidole maana yake kizibo kimevuja. Kutu juu ni unyevu tu: futa mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji ya moto kabla na baada ya kufungua. Ukanda unaweza kuwa hamira, unaweza kuwa bakteria, kwa macho hutajua.

Usiiondoe, iweke mwisho. Ifungue juu ya sinki. Ikifoka povu bila kukoma, kuna kiumbe kilichokula sukari iliyobaki, na utaikuta nyepesi na kavu mdomoni. Ikitulia, mimina mililita 20 kwenye glasi moja, unuse wewe kwanza. Siki au rangi ya kucha: sinki. Kadibodi peke yake: wagawie wote, ni somo zuri, watu wengi hawajawahi kuonyeshwa kadibodi kando ya sheri kwenye meza moja. Jozi zako ziwe 2009 na 2015, kisha 2017 peke yake, kisha mgonjwa.

---

NusuGlasi

Hesabu ya kileo, maana naona mmeiruka. Mililita 50 mara nne za Lees ni 200, kwa 11.5% ni mililita 23 za kileo tupu. Ongeza mililita 60 za Fuller's, ni 5 na ushee. Jumla 28. Tusker ya nusu lita, 4.2%, ni 21. Kwa hiyo kila mtu amekunywa Tusker moja na theluthi ndani ya mililita 260. Kwa mkao wa saa mbili si nyingi, tatizo ni masalia: kwenye Fuller's zitabaki mililita 200 jagini, na yule atakayezimalizia anajiongezea 17. Mnaoendesha, amueni mapema nani hagusi jagi. Alcoblow, kile kipima pombe cha polisi, haiulizi kama ilikuwa ya kuonja.

Chakula: wakati wa kuonja, biskuti kavu zisizo na chumvi na maji, basi. Korosho za chumvi zinazima uchungu na kuwadanganya. Kachumbari na pilipili zingoje. Mkishaandika maoni, leteni jibini la buluu: chumvi na mafuta yake vinashikana na utamu wa ile 2009 kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Halua ya Mombasa wengi huifikiria kwa sababu ya rangi na harufu, lakini ni tamu kupita bia, na bia inabaki na uchungu na kileo tu. Kipande cha mkate wa tende kinafaa zaidi.

---

Mashapo

Nakubali hoja ya jozi, Hamira, ila tutaendelea kugombana kuhusu kongwe kwanza.

Kabati, ukinunua nyingine, ihame kabati. Friji kuukuu yenye kidhibiti joto cha kuchomeka kando, ukikiweka nyuzi 12 na tofauti ya nyuzi 2, inatosha. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji za lita tano: stima ikipotea usiku mzima, hayo maji ndiyo yatakayoshikilia ubaridi. Kama friji ya pili ni ndoto, zisimamishe ndani ya ndoo ya maji yenye kifuniko, sakafuni, chumba kisichopigwa na jua la mchana, na vizibo vikae juu ya maji. Ndoo haitashusha wastani wa joto, lakini itazuia kupanda na kushuka kwa kila siku. Thomas Hardy's Ale ya kwanza, ile ya Dorchester ya 1968, ilitangazwa kuwa ingeweza kukaa miaka 25, lakini kwa hali ya ghala lenye nyuzi 13. Kwa ndoo ya South B mimi ningeinywa Lees ikiwa na miaka sita hadi minane.

Na ya 2017 iliyopitia Mombasa, ukiweza kupata nyingine iliyokuja kwa sanduku, zifungue siku moja. Hiyo ndiyo jozi ambayo ningependa kuiona.