Mjadala: Je, kiongozi mpya wa upinzani anaweza kuuzima mjadala wa uhuru wa Uskoti?

Mleta mada:

Ndugu wachangiaji, kila chama kikubwa cha upinzani kinapobadili uongozi huko Uskoti huzuka watu wanaosema kwamba sasa amepatikana mtu wa kuizika hoja ya uhuru, na wengine wanaosema kwamba sasa ndiyo njia imefunguka. Msimamo wangu, ambao niko tayari kuutetea hapa, ni kwamba kiongozi mpya wa upinzani hubadilisha orodha ya wanaoshinda viti, lakini habadilishi idadi ya Waskoti wanaotaka nchi yao ijitenge na Uingereza. Hayo ni mambo mawili, na tumezoea kuyachanganya.

Nianze na Anas Sarwar, kwa kuwa ndiye anayetajwa zaidi. Alichaguliwa kuongoza Labour ya Uskoti, tawi la chama cha Labour cha Uingereza linalopinga uhuru, tarehe 27 Februari 2021, akawa Mwislamu wa kwanza kuongoza chama kikubwa cha siasa nchini Uingereza. (Baba yake, Mohammad Sarwar, alikuwa Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa kuingia Westminster, yaani Bunge la Uingereza lililoko London, mwaka 1997, na baadaye akarudi Pakistan kuwa gavana wa Punjab, kwa hiyo kijana huyu siasa ameikuta nyumbani.) Chama alichokabidhiwa kilikuwa hoi. Labour ilipata viti 41 vya Uskoti huko Westminster mwaka 2010, na miaka mitano baadaye ikabakiwa na kimoja tu. Sababu inajulikana: katika kura ya maoni kuhusu uhuru ya tarehe 18 Septemba 2014, ambapo Hapana ilipata asilimia 55.3 na Ndiyo asilimia 44.7, viongozi wa Labour walipanda jukwaa moja na Conservative kuutetea Muungano (ule wa Uskoti na England wa mwaka 1707, sio wa kwetu), na Glasgow, ngome yao ya miaka mingi, ikapiga Ndiyo. Wapiga kura wao wengi wa mji huo hawakuwasamehe.

Sarwar hakuupokea mjadala huo wala hakuupinga kwa kelele. Aliuweka kando, akawaambia wananchi kwamba nchi iliyotoka katika janga la korona inahitaji kujiponya kwanza, na kwamba anaomba kura za waliopiga Ndiyo na za waliopiga Hapana vilevile. Ni mbinu ya busara, sikatai. Ila tuangalie tarehe. Siku moja tu kabla ya ushindi wake, tarehe 26 Februari, Alex Salmond, kiongozi wa zamani wa SNP, chama cha kudai uhuru kilichokuwa kikitawala Uskoti, alikaa kwa takriban saa sita mbele ya kamati ya Bunge la Uskoti mjini Edinburgh, akitoa ushahidi kuhusu jinsi serikali ya Nicola Sturgeon, mtu aliyemlea mwenyewe kisiasa, ilivyoshughulikia malalamiko yaliyotolewa dhidi yake Salmond. Tafiti za maoni ambazo mwaka 2020 zilikuwa zimeonyesha Ndiyo ikiongoza, moja baada ya nyingine, zilirudi karibu nusu kwa nusu katika majira hayohayo. Anayetaka kumpa Sarwar sifa ya kuishusha Ndiyo, basi atueleze anaitenganishaje sifa hiyo na ugomvi wa wakubwa wa SNP.

Uchaguzi wa Mei 2021 nao unafundisha. Mpiga kura wa Uskoti hupewa karatasi mbili, moja ya mbunge wa jimbo na nyingine ya orodha ya chama katika mkoa. Sarwar alikwenda kugombea Glasgow Southside, jimbo la Sturgeon mwenyewe, akashindwa, akaingia bungeni kwa karatasi ya pili. Chama chake kilipata viti 22, pungufu ya viti viwili kuliko mwaka 2016. SNP ilipata 64 na chama cha Kijani 8, maana yake wabunge 72 kati ya 129 walitaka uhuru, kiongozi mpya akiwepo.

Wapo watakaonikumbusha Ruth Davidson, aliyekuwa kiongozi wa Conservative ya Uskoti, aliyefanya kinyume kabisa. Yeye alilibeba neno Hapana kama bidhaa pekee dukani, akakipandisha chama chake kutoka viti 15 hadi 31 katika Bunge la Uskoti mwaka 2016, na mwaka uliofuata kutoka mbunge mmoja hadi 13 huko Westminster. Mimi naona alivuna shamba lililokwisha kulimwa, maana watu waliopiga Hapana walikuwepo tangu 2014, ila walikuwa wametawanyika, naye akawakusanya. Sijaona ushahidi kwamba alimgeuza hata jirani mmoja wa upande wa Ndiyo.

Mchangiaji wa kwanza:

Nakushukuru, mleta mada, kwa kuiweka hoja vizuri, ingawa umeipima kwa mizani moja tu. Unahesabu watu wanaosema Ndiyo wanapoulizwa na mtafiti mlangoni, wakati siasa huendeshwa na kile watu wanachokifanya wakiwa ndani ya kibanda cha kupigia kura. Julai 2024 Labour ilipata viti 37 kati ya 57 vya Uskoti, na SNP, iliyokuwa na 48 katika uchaguzi uliotangulia, ikabaki na 9. Ilani ya SNP ilikuwa imeuweka uhuru kwenye ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba jambo hilo lilifichwa. Wapo wengi walioamini uhuru asubuhi, mchana wakaipa Labour kura, na jioni bado wanauamini.

Sasa jiulize ni nani aliyewapa ruhusa hiyo moyoni. Baada ya 2014, kwa mtu wa Ndiyo, kuipigia Labour kura ilikuwa kama kuwasaliti wenzake, na Sarwar ndiye aliyeiondoa aibu hiyo kwa kukataa kumuuliza mtu alisimama upande gani. Hilo limebadilisha mjadala, hata kama asilimia hazikusogea.

Kuna jambo moja umelipita. Tarehe 23 Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kutunga sheria ya kuitisha kura ya maoni bila ridhaa ya Westminster, na Sturgeon akasema uchaguzi mkuu wa Uingereza utakaofuata utumike kuwa ndiyo kura yenyewe. Kama uhuru utapimwa kwa viti, basi mpinzani anayevichukua viti anauchukua na uhuru. Huwezi kuuweka mzigo kwenye jahazi, jahazi likazama, halafu ukasema mzigo uko salama.

Mleta mada:

Hapo kwenye jahazi umenibana, na nakubali kwamba kauli yangu ya mwanzo ilikuwa pana mno. Tuseme hivi: kiongozi mpya wa upinzani anaweza kuifunga njia, hata kama hawezi kuwageuza wasafiri. Lakini tatizo la Labour ya Uskoti ni kwamba funguo za njia hiyo haziko mkononi mwa kiongozi wake wa Edinburgh. Johann Lamont, aliyekiongoza chama hicho Uskoti, alijiuzulu Oktoba 2014 akilalamika kwamba London inakichukulia chama chake kama ofisi ya tawi. Agosti 2019 John McDonnell, mtu wa karibu wa Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour ya Uingereza wakati huo, alikwenda Edinburgh na kusema kwamba serikali ya Labour isingeizuia kura ya pili Bunge la Uskoti likiitaka, wakati Richard Leonard, kiongozi wa chama hichohicho huko, alikuwa na msimamo wa kuikataa. Leonard alibaki anajieleza.

Sarwar naye hakuepuka. Chini ya mwezi mmoja baada ya ushindi wa 2024, serikali ya Labour mjini London ilitangaza kuwapunguza wazee wanaolipwa fedha za kupashia nyumba joto wakati wa baridi, na Aprili 2025 kiwanda cha Grangemouth, cha pekee cha kusafisha mafuta nchini Uskoti, kilisimamisha kazi hiyo. Mambo kama hayo hulipiwa na mtu wa Edinburgh, na kila yanapotokea SNP hupata hotuba ambayo haikuiandika yenyewe.

Nikuulize basi, ndugu yangu, swali ambalo sijawahi kusikia likijibiwa na kiongozi yeyote wa upinzani anayeutetea Muungano. Kwa Ireland ya Kaskazini, makubaliano ya mwaka 1998 yanasema wazi kwamba waziri husika ataitisha kura iwapo itaelekea kuwa walio wengi wanataka kujiunga na Ireland. Kwa Uskoti hakuna mstari kama huo. Kilichopo ni kifungu cha 30 cha Sheria ya Uskoti ya mwaka 1998, ambacho Westminster hukitumia ikipenda, kama ilivyopenda baada ya makubaliano ya Edinburgh ya Oktoba 2012, na isipopenda hukiacha, kama alivyofanya Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza, mwaka 2017. Kama wewe ndiye ungekuwa mshauri wa kiongozi huyo mpya, ungemwambia aitaje njia halali ya kuitisha kura ya pili, au ungemwambia aendelee kunyamaza?