Feritini 6 na endometriosisi: naweza kupona kwa chakula peke yake?

Mwanamaua
Habari zenu wapendwa. Nina endometriosisi, ule ugonjwa wa tishu kama za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje yake; iligundulika kwa upasuaji miaka mitatu iliyopita. Hedhi yangu ni siku nane, tatu za mwanzo ni mabonge matupu. Majibu ya juzi: hemoglobini (wingi wa damu) 9.8, feritini (akiba ya chuma mwilini) 6. Nikipanda ngazi moyo unadunda kama nimefukuzwa, na kitana kinajaa nywele. Nimeandikiwa vidonge vya chuma ila vinanifunga choo, na choo kikiwa kigumu maumivu ya nyonga yanaamka upya. Nikiviacha, chakula kitatosha? Mliopona mlikula nini?

Dada Mkubwa
Pole sana mdogo wangu. Nitakuambia jambo ambalo mimi mwenyewe sikupenda kuambiwa: kwa feritini 6, chakula peke yake hakitakufikisha. Mililita moja ya damu hubeba karibu nusu miligramu ya chuma. Hedhi ikifika mililita 80, ambapo ndipo inahesabiwa kuwa nzito, chuma kinachoondoka ni miligramu 40 hivi. Mwili nao kwa kawaida hunyonya miligramu moja au mbili tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Mwezi mzima unafidia ulichopoteza, ghala la chuma linabaki tupu.

Lakini usikidharau chakula, kwangu ndicho kilichozuia nisirudi chini baada ya matibabu. Adui yangu mkubwa alikuwa chai. Nilikuwa nashushia nayo kila mlo, nayo inazuia chuma kisinyonywe. Sasa nasubiri saa mbili baada ya kula. Nyama nyekundu na samaki chuma chake huingia kwa urahisi kuliko cha mimea. Maharage na dengu naloweka usiku kucha, namwaga maji, kisha nakula na chungwa au pilipili hoho mbichi, maana vitamini C inakisaidia kile chuma cha mimea kupita. Maini ni mazuri, ila kama unatafuta ujauzito yaache, yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto tumboni.

Tulia
Mimi vidonge nilitupa, nikanywa juisi ya bitiruti kila siku.

Nesi Mstaafu
Tulia, rangi ya bitiruti inatudanganya wengi. Gramu 100 hazifiki hata miligramu moja ya chuma, na mwanamke anayepata hedhi anahitaji 18 kwa siku. Tafadhali upime tena.

Mwanamaua, usiviache kimyakimya. Muulize daktari kama unaweza kumeza siku moja, ukapumzika siku moja. Ukimeza chuma, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa utumbo kwa karibu saa 24, kwa hiyo dozi ya kesho yake mara nyingi inapita bure na kukuachia choo kigumu tu. Mchochota, yaani mwili kuwaka na kuvimba kwa ndani, nao huipandisha hepsidini, na endometriosisi ni ugonjwa wa mchochota. Vidonge vikishindikana kabisa, kuna chuma cha dripu.

Jingine, na hili linaniuma kwa sababu nimeona wanawake wakirudishwa nyumbani: mchochota hupandisha feritini hata ghala likiwa tupu. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu chini ya 15 kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, lakini penye mchochota mpaka huo ni 70. Siku ukiambiwa una 40 na uko sawa, uliza tena.

Halafu damu nyingi hivyo ina chanzo. Omba altrasaundi waangalie fibroidi (uvimbe wa mfuko wa uzazi) na adenomiosisi (tishu za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota kwenye msuli wake), na uulize kuhusu kitanzi chenye homoni.

Mwanamaua
Asanteni mno. Chai nakunywa vikombe vitano kwa siku! Vipi maziwa?

Dada Mkubwa
Usiyaache, ila yasikutane na kidonge, kalsiamu nayo inazuia. Na ukianza kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo.

Mwanamaua
Sawa dada. Kesho asubuhi nampigia daktari, nianze na hilo la siku moja moja na altrasaundi.