Carry au Acty? Nataka kipikapu cha injini ya cc 660 cha kupanda nacho Elgon na kulala humo

Mwamba58
Habari zenu wadau. Niko Nakuru. Ajenti ana magari mawili kutoka Japani, Suzuki Carry DA16T na Honda Acty HA9, yote ya 2019, bei zimekaribiana. Nia ni kuondoa kutu, kupaka rangi upya, kuinua kidogo na kujenga kibanda cha kulala nyuma. Wikendi ni Bogoria, Kerio na Elgon. Ajenti anataka amana Ijumaa. Nichukue ipi?

GiaYaKwanza_Ksm
Omera, hapo bado hujauliza. 4WD au 2WD? Manuali au otomatiki? Carry ikiwa otomatiki, ni ya kawaida au ile AGS? Imetoka mkoa gani wa Japani? Utabeba watu wangapi na kilo ngapi? Bajeti ya kazi ikishatoka Mombasa ni ngapi? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Spana14
Carry. Injini yake R06A ina cheni, na ukiinua kiti unaikuta hapo hapo. Ukikosa Carry tafuta Nissan Clipper, Mazda Scrum au Mitsubishi Minicab za miaka hiyo: ni gari lile lile, nembo ndiyo imebadilishwa.

Acty iliachwa kutengenezwa 2021. Injini yake E07Z inatumia mkanda wa taimingi, imelala chini ya bodi mbele ya ekseli ya nyuma, na radieta iko mbele kabisa. Kwa hiyo mabomba ya maji yanapita chini ya gari karibu urefu wote. Fundi asiyeijua akibadilisha maji bila kutoa hewa, povu linabaki kwenye hedi. Geji inaweza kukuonyesha kila kitu ni shwari, kumbe gasketi inaungua.

ActyDamu
Spana14 na Carry yako tena. Uzito wa injini ukiwa nyuma, Acty tupu inashika matope kuliko Carry tupu, hiyo ni fizikia. Tairi za nyuma zikiteleza za mbele zinajiunga zenyewe, hakuna leva ya kusahau. Mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000, kwani ni nini? Sharti lake ni moja: tairi zote nne ziwe saizi moja na ziwe zimelika sawa. Ukiweka mbili mpya nyuma na mbili kipara mbele, kile kiungo cha mafuta mazito kinachogawa nguvu kinafanya kazi hata kwenye lami, kinachemka, kinakufa.

Spana14
Na kwenye miamba ya Kerio utashukia gia gani? Carry manuali yenye 4L (4WD ya gia nzito ya chini) unaiweka hapo, unaondoa mguu kwenye breki, inashuka yenyewe. Lakini Mwamba58, omba picha ya leva au swichi uone 4L kwa macho yako. Si kila Carry ya 4WD iko nayo. Na usiitumie 4WD kwenye lami kavu: ekseli zinapigana na kinachovunjika ni gia za kugawa nguvu.

Mzee_wa_Menengai
Vijana, mmesahau Subaru Sambar. Injini nyuma kabisa, silinda nne, tamu kama nini.

GiaYaKwanza_Ksm
Shikamoo mzee, lakini Subaru waliacha kuitengeneza 2012. Kenya gari lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo haiingii. Sambar ya sasa ni Daihatsu Hijet yenye nembo ya Subaru.

Mzee_wa_Menengai
Marahaba. Basi ni hasara yenu.

Mwamba58
Asanteni. Tutakuwa wawili, mizigo ya kawaida. Nataka kuinua inchi 4 ipate sura. Hayo mengine nitamuuliza ajenti.

Chasi_na_Msasa
Inchi 4 achana nazo kabisa. Kuna Carry ya 4WD iliyofanyiwa hivyo na gereji moja ya mjini, tuseme tu makosa yenyewe. Mbele waliweka spesa nene juu ya shoki, nyuma wakaweka shakeli ndefu. Shafti za mbele zikakaa kwa pembe kali, mipira ya grisi ikachanika, grisi ikatoka, vumbi likaingia. Baada ya hapo ukikata kona unasikia ka-ka-ka. Paipu za breki za mbele zilibaki fupi: usukani ukiukunja hadi mwisho, zinakazana kama uzi wa kitenge. Propela nayo ikabadilika pembe, mtetemo kuanzia kilomita 60. Taa zikawa zinamulika vilele vya miti. Kila kitu kilibidi kifunguliwe na gari lishushwe.

Milimita 40 zinatosha. Spesa mbele, vipande vya chuma kati ya ekseli na springi nyuma, yuboti (boliti za umbo la U) ndefu za saizi hiyo, kisha alaimenti siku hiyo hiyo. Kaza yuboti tena baada ya kilomita 100.

Kutu: kabla ya amana omba picha za chini, si za rangi. Barabara za kaskazini mwa Japani humwagwa chumvi wakati wa theluji. Angalia viti vya springi, paipu za breki, na maungio ya chasi chini ya bodi. Ikifika, gonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama kadibodi. Kilichooza kinakatwa na kuchomelewa bati jipya. Puti si chuma. Ondoa betri na soketi ya kompyuta kabla ya kuchomelea. Halafu brashi ya waya, dawa ya kugeuza kutu, ioshwe na kukauka kabisa, praima ya epoksi mara mbili, rangi, na mwisho nta ndani ya mashimo ya chasi. Ukipaka praima juu ya unyevu wa Nakuru wa asubuhi, miezi miwili inabanduka. Rangi ikibadilika, NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) wajulishwe na logibuku irekebishwe.

GiaYaKwanza_Ksm
Na "mizigo ya kawaida" si jibu. Hizi gari zinaruhusiwa kilo 350. Fremu ya kibanda ya mita 20 kwa chuma cha 40 kwa 40 chenye unene wa milimita 3 ni kilo 70. Tumia 25 kwa 25 ya milimita 1.5, urefu ule ule ni kilo 22. Ongeza plaiwudi, maji lita 40, betri ya pili, mitungi, jiko. Injini ni farasi 45 hadi 50 tu, na hewa ya Nakuru, mita 1,850, inakula karibu moja ya tano. Ukipanda Timboroa na kibanda cha chuma kizito utapitwa na trekta.

ActyDamu
Kwa nini chuma? Turubai juu ya matao. Bodi ni karibu mita 1.94, mtu wa kawaida analala amenyooka.

Spana14
Turubai mvua ya Kakamega inaipita kwenye mishono.

ActyDamu
Mishono inapakwa nta, bwana.

Tairi_Kano
Mnabishana juu ya paa na gari haina miguu. Rimu za Vitz za inchi 13 zina boliti nne za 100, sawa na hizi. Tairi 155/80R13 inaongeza kama sentimita 2 za kimo, ila geji ya mwendo ikisoma 80 wewe uko karibu 86, na gia ya kwanza inakuwa nzito. Kunja usukani mwisho pande zote mbili uone kama inasugua, ndipo ununue ya pili. Na udongo mweusi wa Kano ukilowa unajaza meno ya tairi yoyote. Koleo usisahau.

Mwamba58
Ajenti amejibu. Carry ni 2WD na ni AGS. Acty ni 4WD manuali. Amepata pia Hijet ya 4WD manuali kutoka Akita, bei juu kidogo.

Spana14
AGS ni gia ya manuali inayobadilishwa na mashine. Kwenye matope ya kupanda inasita, na ikiharibika si kila fundi ataigusa. Hiyo acha.

ActyDamu
😂

Chasi_na_Msasa
Akita ni kaskazini mwa Japani, theluji tupu. Picha za chini! Na uulize kama ni lile toleo la wakulima, lina difuloki (inafunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja). Injini ya Hijet, KF, oili ni 0W-20, chini ya lita 3, kila kilomita 5,000. Ikicheleweshwa ringi zinanata na inaanza kunywa oili.

Mwamba58
Sawa. ActyDamu, hiyo nta ya turubai ni ya kupasha moto au ya kupaka baridi?