Mbega wa Udzungwa, picha zinatoka nyeusi tii

mzawa_ifakara: Wakuu habari za jioni. Wiki iliyopita nilikua Udzungwa, tumepanda njia ya maporomoko ya Sanje na askari wa hifadhi, mbega wekundu nimewaona wengi tu ila picha karibu zote mnyama katoka kivuli na nyuma yake anga jeupe pee, na zile chache ambazo sura inaonekana basi zimetikisika. Lenzi yangu ni ya kuvuta mbali, milimita 70-300, kamera niliiacha oto. Nimeumia kweli maana mbega hawa hawapatikani popote duniani zaidi ya milima hii na misitu michache ya bonde la Kilombero hapo chini yake, na mimi nimezaliwa hapo chini tu, nataka wanangu wawaone vizuri. Narudi mwezi wa nane, nirekebishe nini?

lenzi_kuu: Pole mkuu, oto ndo imekuponza. Kamera ikiona lile anga inajua mwanga umezidi, inapunguza, mbega anageuka mkaa. Ile alama ya +/-, ya kuongeza au kupunguza mwanga wa picha, ipandishe +1 mpaka +2, anga liungue tu wewe unachotaka ni uso. Na mle msituni giza hata saa sita mchana, ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, peleka 3200 usiogope, chengachenga kwenye picha zinavumilika ila picha iliyotikisika ndo basi tena. Akiwa ametulia shata (muda kamera inaoachia mwanga uingie) iwe 1/250 ya sekunde, akianza kuruka 1/1000.

mama_vilima: Seting sawa, lakini kwangu shida kubwa ni pale uliposimama. Ukiwapiga toka chini ya mti utapata matumbo na mikia kila siku. Ule mlima ni mteremko mkali, sasa utumie huo huo mteremko, panda na njia mpaka uwe upande wa juu yao, miti iliyoota chini yako vilele vyake vinakuja usawa wa macho na nyuma ya mnyama unapata majani, sio anga. Mimi na askari wangu tulikaa kona moja karibu masaa matatu kimya, kundi likaja lenyewe kula majani machanga, mama na kitoto kifuani tukatazamana hivi, mpaka leo nikiifungua ile picha roho inatulia. Usiwafuate, ukiwafuata mawe yanaporomoka na wao wanahama.

kijana_mangula: Naongezea, usiangalie juu tu. Mangabei wa Sanje, kima wengine wa milima hiyo hiyo ambao wanasayansi wamewajua mwaka 1979 tu, wanatafuta chakula chini kwenye majani makavu, hao unachuchumaa. Flashi zima kabisa. Stendi ya miguu mitatu itakusumbua kule, beba ya mguu mmoja, njiani ndo fimbo yako. Na kamera ikitoka kwenye gari lenye AC usiifungue hapo hapo, iache kwenye begi ipate joto, la sivyo lenzi yote ukungu.

mzawa_ifakara: Asanteni sana, dada mama_vilima hiyo ya mteremko sikuiwaza kabisa. Ile kona ni kabla ya maporomoko au ukishapita?

mama_vilima: Kabla. Ukifika mwambie askari unataka kukaa, sio kutembea, wao wanajua wapi kundi limelala.