Pikipiki nyepesi kwa vijia vya Usambara: Serow 250, CRF250L au XTZ125?

juu_ya_soni

Habari za wikiendi wakuu. Naomba mawazo ya watu wanaoendesha kwenye njia za miguu kweli, sio wa lami. Nina Suzuki DR650 na sina ugomvi nayo, kutoka Korogwe mpaka Mombo halafu ile lami ya kupandisha Lushoto inakwenda vizuri mno, shida inaanza nikishaacha barabara. Mi ninachopenda ni vile vijia vya huku juu, Soni kuelekea Bumbuli, Mlalo, Mtae, njia ambayo watu wawili wakikutana mmoja anasimama mwenzie apite, upande huu ukuta wa udongo, upande huu matuta ya maharage yanashuka mpaka bondeni, alafu unafika kwenye kona ya kujikunja kabisa na katikati kuna jiwe. Hapo ndo kilo 166 zinageuka kazi. Ikishaanza kuinamia bondeni mguu hauwezi kuizuia, na kuiinua peke yako kwenye mteremko ni mpaka utokee msaada. Urefu wangu sm 168, kile kiti cha sm 88 nagusa chini kwa vidole tu.

Kwa hiyo nataka ya pili, ndogo, ya vijia tu, ile kubwa inabaki kwa safari. Nimefikiria Yamaha Serow 250 iliyotumika Japani, Honda CRF250L, au Yamaha XTZ125 mpya. Jamaa yangu anasema nikichukua 125 milima itanishinda. Nina kilo 74, sibebi abiria wala mzigo. Mnasemaje?

meno_ya_tairi

Mkuu tatizo umeshalitaja mwenyewe, ni uzito na kiti, cc (ukubwa wa injini) iweke pembeni kwanza. cc inakusaidia barabara ndefu, kwenye kijia uko gia ya kwanza na ya pili siku nzima na mwendo wenyewe mara nyingi haumzidi mtu anayekimbia. Mi ningeangalia uzito ikiwa imejazwa mafuta na oili, maana kuna wauzaji wanaandika uzito mkavu bila kimiminika chochote na unakuta unakuja kupishana kilo kama kumi hivi na ulichosoma, alafu urefu wa kiti, alafu usukani unakata kiasi gani kila upande, hiki watu wengi hawakiangalii kabisa wakati kwenye kona za kujikunja kama ulizosema ndo kinachoamua unapita au unashuka kuisukuma kinyumenyume.

Kwa vigezo hivyo Serow ndo yenyewe. Yamaha walianza kuitoa 1985 ikiwa na cc 223, 2005 ikawa 249, wakaacha kuitengeneza 2020, na muda wote huo kazi yake haikubadilika, njia nyembamba za milimani kwa mwendo wa taratibu. Kilo 130 na kidogo ikiwa imejaa, kiti kama sm 83 hivi, usukani unakata sana, injini inapozwa na upepo kwa hiyo hakuna rejeta ya kutoboka ukiangukia jiwe. Ukikwama unapiga miguu pande zote mbili na inatambaa yenyewe. Nguvu haina nyingi, atakayekwambia ina nguvu anakudanganya, ila inatoka chini kabisa, huhitaji kuipigia kelele ndo iende.

bibi_shamba_wa_milimani

Kaka mi ni bibi shamba, hizo njia unazozitaja ndo njia zangu za kazi. Nilianzia kwenye DT125 ile ya tustroku, nyepesi na kali lakini inakula oili yake pembeni na nguvu yake ipo kwenye mzunguko wa juu wa injini, ukiushusha inalala. Sasa hivi natumia XTZ125 na simkubalii jamaa yako. Kilo kama 118 ikiwa imejaa, kiti sm 84, tairi la mbele inchi 21 la nyuma 18, yani ni saizi zilezile za pikipiki kubwa za porini, inavuka mizizi na mitaro bila kugota. Ikianguka naiinua mwenyewe na mi sio mtu wa mwili.

Ila usidanganyike kwamba itapanda kama ilivyo dukani. Kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, injini inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000, kwa hiyo yenye nguvu za farasi 10 pale Tanga mjini, hapa Lushoto kwenye mita kama 1,400 inabaki na 8 na nusu hivi. Dawa yake ni sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta mnyororo. Punguza jino moja la mbele, kutoka 14 kwenda 13 ni kama asilimia 8 ya ziada ya kuvuta, na kazi yake inakaribia kuongeza meno matatu mpaka manne nyuma. Mwendo wa juu unapungua lakini kwenye kijia unaupeleka wapi?

Kitu kingine ambacho naomba mkisikie wote mnaokuja huku na mapikipiki, hizo njia ni za watu. Kina mama wanapita na kuni kichwani, watoto wanatoka shule, ukimkuta mtu, zima injini akupite, usimsukumie ukutani. Usibadilishe ekzosi ukaweka ya kelele. Na msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, ipo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), hauingii tu kwa sababu umeona kinjia kinaingia, unaanzia ofisini kwao unauliza.

kona_kali_Arusha

Naomba nitofautiane na waliotangulia. CRF250L hajaisema mtu hata kidogo wakati ndo pikipiki iliyokamilika zaidi hapo. Gia sita, shokapu za maana, ina injeksheni (inajipimia mafuta yenyewe, haina kabureta) kwa hiyo mwinuko hauisumbui, na feni inapoza ukiwa unatambaa. Kilo 144 sio nyingi kihivyo, umetoka kwenye 166 utaona mabadiliko. Pia bwana juu_ya_soni hujasema pikipiki inalala wapi, hilo mi ndo naliona swali la kwanza kabisa. Kama unatoka nayo Korogwe kila jumamosi hiyo 125 utaichukia kabla hujafika Mombo, malori yanakupita huku usukani unatetemeka. Ila kama inakaa huko huko juu hapo ni habari nyingine.

Alafu kwa wengine watakaosoma hapa baadaye, msije mkafika kwenye kutafuta wepesi mkaangukia KTM 250 EXC. Ni nyepesi kweli, kilo mia na kidogo kabla ya mafuta, mi nimeendesha za watu na hakuna raha kama ile, lakini kiti kiko sm 96 na ni mashine ya mashindano, oili inahesabiwa kwa masaa ya injini, pistoni vilevile. Ukiwa na fundi wako na bajeti sawa. Kwa mtu wa wikiendi anayetaka kuwasha aende, hapana.

bibi_shamba_wa_milimani

Kaka wa Arusha, injeksheni inarekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa, haikurudishii nguvu. Hewa ikiwa pungufu ni pungufu kwa wote. Faida yake ni kwamba haitoi moshi mweusi wala haikohoi, nakubali, lakini 250 nayo inashuka asilimia ileile.

juu_ya_soni

Asanteni sana, nimejifunza. Kujibu la Arusha, nyumbani ni Soni, Korogwe ni kazini tu, pikipiki ya vijia italala Soni na njia inaanzia nyuma ya nyumba. Kwa hiyo lami sihitaji. Nikisoma mlichoandika naona CRF250L inatoka, sio kwa ubaya, ni kiti chake, nimeikalia ya mtu iko karibu sawa na hii niliyonayo. Nimebaki na Serow na XTZ. Hofu yangu Serow ni iliyotumika na hapa Tanga sijaona nyingi, hofu ya XTZ ni ule mpando wa Mtae mvua ikishanyesha. Kuna fundi humu?

kona_kali_Arusha

Kama inalala Soni basi naunga mkono, chukua ndogo. Ningekuwa mimi Serow.

fundi_spoki

Nipo. Hizi mbili zote nimezifungua. Kwa injini zote ni rahisi, hewa inapoza, silinda moja, vali mbili, fundi yeyote anayejua boda hashindwi. Tofauti ni spea. XTZ125 vitu vyake vinapatikana, klachi, kebo, pedi za breki, gasketi, hupati Tanga unapata Dar. Serow kuna vitu utaagiza na kusubiri, kwa hiyo ukiichukua agiza kabisa mapema levo za breki na klachi, kebo ya klachi na pedi, hivyo ndo vinavyokufa vijiani, injini yenyewe haikusumbui.

Ukienda kuangalia Serow iliyotumika usiangalie kilomita, angalia vitu hivi navyosema. Piga magoti uone chini ya injini na zile bomba za fremu pande zote, kama zimebonyea ujue imelazwa sana kwenye mawe. Shika tairi la nyuma litikise kushoto kulia, likicheza huenda ni bushi za mkono wa nyuma. Bonyeza shokapu za mbele mara kadhaa upitishe kidole, ukikuta oili sili zimekwisha, sio ghali lakini inakusaidia kushusha bei. Iwashe ikiwa ya baridi, ukifika ukakuta ameshaiwasha na injini ya moto rudi kesho yake. Zile za kabureta zilizokaa muda mrefu mafuta yanagandia kwenye jeti (vile vitundu vidogo vya kupitisha mafuta), inawaka lakini haitulii chini, na chini ndo unapopahitaji wewe. Na linganisha namba ya chasisi na kadi, hii usiiruke hata kama muuzaji ni ndugu yako.

Kuhusu mpando wenye utelezi. Mkuu huo hauamuliwi na cc, ni tairi na upepo. Ule udongo mwekundu ukilowa tairi za nusu lami nusu vumbi zinajaa tope na kuwa laini kama ndizi, hata ukiwa na 650 utabaki unazungusha tu. Weka za meno marefu yaliyoachana, alafu punguza upepo, psi 15 mbele na nyuma kwa kuanzia. Usishuke chini ya hapo kama hujafunga kile chuma cha kubana tairi kwenye rimu, tairi litazunguka peke yake, sindano ya tubu ikatike, na hapo ndo mwanzo wa kusukuma. Ukifika lami rudisha upepo. Pampu ya mkono, viraka na vile vyuma viwili vya kutolea tairi vikae kwenye begi muda wote, nimeshaona watu wenye pikipiki za mamilioni wamelala njiani kwa kukosa pampu.

Bamba la chini ya injini nitengenezewe au ninunue, watu huwa wananiuliza. Hapo Korogwe wapo wa kuchomelea, aluminiamu ya milimita 4 inatosha, wakuachie tundu la kumwagia oili.

bibi_shamba_wa_milimani

Na kama utaijaribu kabla ya kulipa usiijaribie barabarani. Omba muuzaji akuruhusu uipeleke kwenye mteremko wowote wa nyasi, simama katikati ukiwa umeizima, washa tena ondoka kwa klachi bila kurudi nyuma. Serow ikikupandisha hapo kwa utulivu na spea umeshaweka pembeni, ichukue. Isipokupandisha, XTZ na sproketi ya 13.

juu_ya_soni

Sawa dada. Kuna Serow 250 moja Moshi, ya injeksheni, naenda kuiona jumamosi, nimemwambia mwenye nayo asiiwashe mpaka nifike.