Inakuwaje R. Kelly bado anasindikiza mahafali ya watoto wetu?

Wanajamvi, kila tunapojadili kashfa za wasanii hurudiwa kauli moja, kwamba maisha binafsi ya msanii hayatuhusu na sisi tubaki na kazi yake. Ningeiheshimu kauli hiyo kama wanaoitoa wangekuwa wanaifuata. Hawaifuati. Muigizaji wa kike akiachana na mchumba wake, au picha yake ya faragha ikivuja, watu hao hao hukesha mitandaoni wakimchambua, wakimhesabia wanaume na kumwita kila jina chafu. Lakini akitajwa mwanamume aliyetiwa hatiani kwa kuwanajisi watoto, ghafla wote wanageuka kuwa watetezi wa faragha na wa sanaa.

Ninamzungumzia R. Kelly, mwimbaji wa Marekani. Majuzi nilihudhuria mahafali ya darasa la saba, na wahitimu waliingia ukumbini kwa "I Believe I Can Fly". Wasichana wa miaka kumi na mitatu, majoho yakiwapwaya mabegani, walikuwa wakiimba kila mstari kwa moyo huku wazazi wakisimama kuwapiga picha. Nilipomuuliza mwalimu mmoja kama wanamjua mwenye wimbo, alinijibu kwamba ujumbe ni mzuri na mambo ya Marekani tuyaache Marekani.

Basi tuyatazame. Agosti 1994 R. Kelly, akiwa na miaka 27, alimwoa mwimbaji Aaliyah aliyekuwa na miaka 15, kwa hati iliyodai kwamba binti huyo ana miaka 18. Aliyekuwa meneja wa ziara za R. Kelly alikuja kuieleza mahakama kwamba yeye mwenyewe alimhonga mtumishi wa serikali ili kitambulisho cha uongo kipatikane. Ndoa ilibatilishwa mwaka uliofuata, na muziki ukaendelea kuuzwa kana kwamba hakuna lililotokea. Mwaka 2002 alishtakiwa Chicago kwa video za ngono na msichana mdogo. Kesi ikasikilizwa mwaka 2008, msichana hakutoa ushahidi, naye akaachiwa huru. Ilipofika 2022 msichana huyo, sasa mtu mzima, alisimama mbele ya mahakama ya shirikisho katika jiji hilo hilo na kusema kwamba ni yeye aliyeonekana kwenye video na kwamba alikuwa na miaka 14. Safari hii R. Kelly alipatikana na hatia. Kabla ya hapo, Septemba 2021, alikwishatiwa hatiani New York, ambako alihukumiwa kifungo cha miaka 30.

Wanaosema tutenganishe kazi na mtu wasome kesi hiyo ya New York vizuri. Waendesha mashtaka hawakumshtaki kama mtu mmoja mwenye tamaa mbaya, bali kama kiongozi wa mtandao wa uhalifu uliowahusisha mameneja, walinzi na wasaidizi wake, ambao kazi yao ilikuwa pia kumtafutia wasichana na wanawake. Wasichana hao walipatikana wapi? Wengine walipatikana kwenye maonyesho yake, ambako shabiki mdogo alipewa namba ya simu na kuahidiwa kusaidiwa kuwa mwimbaji. Jukwaa na jina ndivyo vilivyokuwa mtego, na fedha za nyimbo ndizo zilizolipa mishahara ya waliouweka. Mtu atanionyesha wapi mpaka wa kazi na maisha binafsi hapo?

Na tusijidanganye kwamba nchi yetu, Tanzania, haijali maadili ya muziki. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilipiga marufuku wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya maneno yake, na mwezi uliofuata likawafungia wasanii hao kwa kuuimba jukwaani, hadi lilipowafungulia Januari 2019. Mwezi huo huo wa Januari, wanawake waliosema waliteswa na R. Kelly walikuwa wakitoa ushuhuda wao kwenye televisheni ya Marekani, na redio nilizozisikiliza mimi hazikupunguza hata wimbo mmoja wake. Neno lenye utata linafungiwa. Mtoto aliyeumizwa tunaambiwa ni udaku.

Umri wa Aaliyah siku ile, miaka 15, ndio umri ambao Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, aliipinga mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikampa ushindi tena Oktoba 2019. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba jambo hili ni la Wamarekani.

Ninaamini muziki wa vijana una thamani kubwa, kwani hakuna hotuba ya mgeni rasmi ambayo wale watoto wataikumbuka kama watakavyoukumbuka wimbo walioingia nao. Anayetaka kumsikiliza R. Kelly sebuleni kwake sina mamlaka naye. Lakini wimbo wa mahafali huchaguliwa na watu wazima, kwa niaba ya watoto, kwa mchango wa wazazi. Mzazi ana haki ya kuomba orodha ya nyimbo kabla ya kulipa mchango huo, na mshereheshaji atakayesema hana habari aelezwe kwamba hukumu zilitolewa na mahakama, hadharani, na yeyote anaweza kuzisoma.